Kunukuu Sauti za Madaktari Ni Kazi Halali, Lakini Haianzi kwa Kutuma Pesa

Huenda ujumbe huu umekufikia kwenye WhatsApp au Telegram: kampuni ya ng'ambo inatafuta watu wa kuandika sauti za madaktari, kazi ya nyumbani, Sh 3,000 kwa siku, uzoefu hauhitajiki. Chini kabisa kuna nambari ya simu na maelezo mafupi: tuma Sh 850 za usajili, nafasi zimebaki tano. Ukituma, unaambiwa kumbe kuna ada ya mafunzo. Ukituma ya mafunzo, inazuka ya kufungua akaunti. Halafu kimya. Simu haiingii, na wewe umeshaondolewa kwenye kundi.

Kwenye ukurasa huu tumesema sana kuhusu kulinda nambari ya siri. Lakini nambari ya siri haikusaidii hapa, kwa sababu hakuna aliyekuibia simu. Umetuma mwenyewe, kwa hiari yako, kwa sababu ulikuwa unatafuta kazi. Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia mtu akiambiwa ati ni mjinga. Si ujinga. Ni mtu aliyekuwa tayari kujitafutia riziki, akakutana na mwizi aliyejua hivyo.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba kazi yenyewe ipo. Wengi wakishachomwa mara moja huamua kwamba mambo haya yote ya mtandaoni ni uongo, wakaacha. Mimi nadhani ni makosa kuacha, na pia ni makosa kuingia ukidhani ni kazi ya mtu yeyote mwenye vidole kumi.

Unukuzi wa kitabibu ni hivi. Daktari akishamwona mgonjwa, hasa kule Marekani, badala ya kukaa na kuandika yeye huyasema maelezo kwenye kinasa sauti: mgonjwa ana umri gani, analalamikia nini, amepimwa nini, amepewa dawa gani na kwa kipimo gani. Mnukuzi husikiliza sauti hiyo na kuigeuza kuwa maandishi yanayoingia kwenye faili la mgonjwa. Hata hapa nchini kuna kazi ya namna hii, hasa kwenye idara za picha za eksirei na za skani, ambako mtaalamu anaitazama picha na kusema anachokiona, na mtu mwingine anaandaa ripoti.

Malipo mara nyingi huhesabiwa kwa mstari, na mstari kwa desturi ya kazi hii ni herufi 65, nafasi zikiwemo. Hebu tupige hesabu. Daktari akisema maneno 130 kwa dakika, hiyo ni kama mistari 12. Sauti ya dakika 10 itakupa mistari 120. Tuseme mwanzoni unalipwa senti 3 za dola kwa mstari. Umepata dola 3.60. Tuseme dola ni Sh 129. Hizo ni kama Sh 464. Sasa swali la maana: hizo dakika 10 zilikuchukua muda gani? Mgeni wa kazi anaweza kuchukua saa nzima, kwa sababu anarudisha nyuma kila mara, anatafuta jina la dawa, anasikiliza tena. Aliyezoea huzimaliza kwa nusu saa. Bei ni ile ile, lakini mmoja analipwa mara mbili ya mwenzake kwa saa. Na bado hujatoa stima na data ya intaneti. Mtu akikuahidi Sh 3,000 kwa siku kuanzia wiki ya kwanza, mwulize mistari mingapi.

Kosa la tarakimu moja

Kuna watu huniambia, si ni kuandika tu? Basi sikiliza kisa hiki. Mwaka 2008 katika jimbo la Alabama, Marekani, mwanamke mwenye kisukari alitolewa hospitalini akapelekwa kituo kingine kuendelea kuuguzwa. Kipimo chake cha insulini kilikuwa yuniti 8. Karatasi zilizonukuliwa kutoka kwa sauti ya daktari zilisema 80. Akadungwa kulingana na karatasi, na akafa. Kazi ya kunukuu ilikuwa imepelekwa India kupitia kampuni ya kati. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama liliamua familia yake ilipwe dola milioni 140.

Sifuri moja tu. Na aliyeiandika hakuwa na nia mbaya, alikuwa mtu kama wewe na mimi, na hedifoni masikioni, pengine usiku, pengine anaharakisha mistari ifike idadi fulani.

Lugha ya madaktari imejaa mitego ya aina hiyo. Hydralazine ni dawa ya presha. Hydroxyzine hutumika kwa mwasho na mzio. Ukiwa na sauti yenye kelele, hutazitofautisha kwa masikio pekee, itabidi ujue mgonjwa anaugua nini. Ileum ni sehemu ya utumbo mdogo, ilium ni mfupa wa nyonga, na kwa Kiingereza yanatamkwa sawasawa kabisa. Kuna neno la shida ya kumeza, dysphagia, na neno la shida ya kusema, dysphasia. Kuna "fifteen" na "fifty". Kuna miligramu na mikrogramu, ambazo zinapishana mara 1,000. Mnukuzi mzuri anapofika mahali asipoelewa huacha pengo na kuweka alama ili daktari aulizwe. Mnukuzi mbaya anakisia, kwa sababu pengo linaonekana kama udhaifu. Kama kuna tabia moja ningependa uipate kabla hata ya kasi, ni hiyo ya kukubali kuacha pengo.

Kwa hiyo siyo kila mtu. Na pia siyo lazima uwe daktari. Wauguzi, maklinika, na waliosomea kumbukumbu za afya pale KMTC wana faida kubwa mno, maana istilahi tayari wanazo. Wengine itabidi wajifunze, miezi kadhaa ya kujifunza kwa bidii, si wikendi mbili.

Je, akili unde haijaimaliza kazi hii?

Swali ni halali na sitalikwepa. Mwaka 2022 Microsoft ilikamilisha kununua Nuance, kampuni inayojulikana kwa programu za kugeuza sauti za madaktari kuwa maandishi, kwa takriban dola bilioni 19.7. Mtu hatoi pesa kama hizo kwa mchezo. Idara ya takwimu za kazi ya serikali ya Marekani nayo imekuwa ikitabiri kwamba nafasi za wanukuzi wa kitabibu zitaendelea kupungua. Yeyote anayekuuzia kozi leo bila kukutajia hilo anakuficha.

Kilichobaki, na ninachoamini kitakuwepo kwa muda, ni kazi ya kusahihisha. Programu inaandika rasimu, mtu anaisikiliza sauti huku akiisoma, anarekebisha. Sababu ni kwamba mashine hukosea kwa namna ya ajabu. Watafiti walioipima programu ya Whisper ya OpenAI, wakatoa matokeo yao 2024, walikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilirudi na maneno au sentensi nzima ambazo hakuna mtu aliyezisema. Zimetungwa tu, na zimeandikwa kwa Kiingereza safi, bila kosa la tahajia. Asilimia 1 inasikika ndogo mpaka ukumbuke ile sifuri ya Alabama. Sasa mtu wa kukamata kosa kama hilo hahitaji kuwa mwepesi wa kibodi. Anahitaji kujua kwamba kipimo hicho cha dawa hakiwezekani.

Ndiyo maana nasema usitumie pesa yako kwenye kozi ya kuchapa haraka. Kuchapa jifunze bure, kila siku nusu saa, mpaka ufike kama maneno 60 kwa dakika bila makosa mengi, inatosha. Muda uliobaki upeleke kwenye mwili wa binadamu, majina ya dawa na vipimo vya maabara.

Kuna upande mwingine ambao watu wetu wanausahau kabisa wakikimbilia dola. Mashine hizi zinakijua Kiingereza cha Boston vizuri kuliko Kidholuo cha Siaya. KEMRI na vyuo vikuu vyetu hufanya tafiti nyingi za afya, na nyingi kati yake zina mahojiano: akina mama kuhusu uzazi, wagonjwa kuhusu malaria au ukimwi, wahudumu wa afya wa jamii kuhusu kazi yao. Mahojiano hayo hurekodiwa kwa Kiswahili, Kikamba, Kigiriama, Kiluhya, kisha lazima yanukuliwe neno kwa neno na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Anayefanya kazi hiyo vizuri ni mtu aliyekulia kwenye lugha hiyo na anayeelewa mambo ya afya. Si unukuzi wa kitabibu kamili kama ule wa Marekani, lakini unafunza sikio, unafunza siri, na unakupa mtu wa kukutolea ushahidi kwamba wewe ni mwaminifu. Na unalipwa kwa shilingi. Mimi ningeanzia hapo. Ningeandika barua fupi kwa idara za utafiti za chuo kilicho karibu, nikitaja lugha ninazozijua, kabla ya kujisajili kwenye tovuti yoyote ya ng'ambo.

Pesa ya kutumia na pesa ya kushikilia

Sijasema usitumie chochote. Kompyuta unahitaji, simu haitoshi kwa kazi hii. Hedifoni nzuri inayofunika masikio nayo ni ya lazima, na kama una pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hiyo. Kanyagio la mguu la kusimamisha na kurudisha sauti linasaidia, ila lisubiri ulipwe kwanza. Programu ya kusikilizia kama Express Scribe ina toleo la bure. Maelezo ya magonjwa na dawa yapo bure kwenye MedlinePlus, tovuti ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016, hufundisha kazi za mtandaoni, unukuzi ukiwemo. Chama cha Marekani cha taaluma hii, AHDI, kilichoanzishwa 1978, kimekuwa kikitoa vyeti viwili, RHDS kwa wanaoanza na CHDS kwa waliobobea. Mtihani unalipiwa kwa dola, kwa hiyo ni jambo la mwaka wa pili au wa tatu, wakati tayari una wateja wa huko.

Mkopo wa simu kwa ajili ya kununua kompyuta siupendekezi, na nasema hivyo nikijua ninaandika kwenye blogu ya kampuni ya pesa za simu. Mikopo ya aina hiyo mara nyingi hudaiwa ndani ya siku 30. Kazi hii itakuchukua miezi kabla ya malipo ya kwanza ya maana. Hesabu hazikutani. Heri chama, au kuweka kidogo kidogo kwenye akaunti iliyofungwa, hata kama inamaanisha kuanza Januari badala ya sasa.

Lakini ada ya usajili, dhamana "itakayorudishwa", pesa ya "kuharakisha faili lako"? Hapana, hata Sh 50. Mwajiri anatafuta mtu wa kumlipa. Atakupa sauti ya majaribio, atasahihisha ulichoandika, atakukubali au atakukataa, basi. Na sauti ya majaribio iwe fupi. Ukiambiwa unukuu saa mbili nzima kama "mtihani", hiyo ni kazi ya bure unafanyiza. Kama umeshatuma pesa na ukashtuka, usisubiri kuona kama jamaa atajibu. Wasiliana na huduma kwa wateja wakati huo huo, maana pesa ikishatolewa kwa ajenti ni vigumu kuirudisha. Hifadhi ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, kisha upige ripoti polisi.

Akaunti ya mtu mwingine ni swala jingine linaloniuma. Kwenye makundi ya Facebook akaunti za unukuzi zinauzwa waziwazi, tayari zina alama nzuri na jina la mtu. Watu wanatoa maelfu kuzinunua. Kwanza, mwenye jina anaweza kuirudisha wakati wowote, na malipo yako yakiwa ndani. Pili, siku tovuti itakapoomba kitambulisho au uso wako kwenye kamera, umekwisha. Na hapa kwenye kazi ya kitabibu kuna la tatu: umesikiliza siri za mgonjwa kwa jina la uongo. Hakuna hospitali itakayokusamehe hilo.

Kupitia watu wa kati pia uwe macho, hata wakiwa halali. Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa Karachi, Pakistan, aliyekuwa akinukuu faili za hospitali ya chuo kikuu huko San Francisco, aliiandikia hospitali akitisha kuyaweka maelezo ya wagonjwa kwenye intaneti asipolipwa anachodai. Hospitali haikuwa na habari kama yuko. Kazi ilikuwa imetoka kwa mkandarasi mmoja, ikaenda kwa mwingine, na mwingine tena, kila mmoja akikata chake, mpaka ikamfikia yeye aliyekuwa mwisho wa foleni. Alichofanya hakikubaliki, na baadaye aliliondoa tishio. Lakini mimi nikisoma kisa kile naona pia mfanyakazi aliyekuwa hajui bosi wake ni nani. Kabla hujapokea faili la kwanza, jua ni nani anakulipa, kwa jina la kampuni gani, siku gani ya mwezi, na ukidai utamdai wapi. Upate kwa maandishi, hata kama ni baruapepe ya mistari mitatu.

Siri yenyewe si ya kupuuza. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahesabu maelezo ya afya kuwa data nyeti, na Marekani wana sheria yao ya HIPAA tangu 1996. Kwa lugha ya kawaida: usifanyie kazi hii kwenye saiba, usimtumie rafiki faili akusaidie neno lililokushinda, usiipandishe sauti kwenye programu ya bure ya akili unde ili ikuandikie, na usimsimulie hata mke au mume kwamba leo umesikia kisa cha ajabu. Futa mafaili mkataba unapokuambia ufute. Watoto wasiichezee kompyuta hiyo.

Ukianza kulipwa, fungua mahali pa kupokelea panapobeba jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Laini iliyosajiliwa kwa jina la binamu italeta shida siku malipo yakikwama. Kwa malipo ya dola, angalia bei unayobadilishiwa kuliko ile ada inayoonyeshwa. Tuseme dola sokoni ni Sh 129 na wewe unapewa Sh 125. Kwa kila dola 100 umeacha Sh 400, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ulitozwa. Mara nyingi ada ya kutoa huwa ya kiasi maalum kila unapotoa, na hapo kutoa mara moja kwa mwezi kunakugharimu kidogo kuliko kutoa kila wiki, mradi una cha kukusukuma mpaka hapo.

Kazi nayo haiji sawasawa. Mwezi mmoja mafaili yanafurika, mwezi unaofuata kimya. Unapopata, lipa stima na intaneti ya mwezi ujao kwanza, kabla ya mengine yote, maana bila hizo huna kazi hata ikija. Jua pia kwamba mteja wa New York yuko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira, kwa hiyo faili la jioni yake linakufikia usiku wa manane. Wengine huliweza hilo. Mwenye mtoto mchanga nyumbani afikirie vizuri, kwa sababu saa nane usiku ndiyo saa ambayo 8 husikika kama 80.

Kodi je? Kipato cha mtandaoni ni kipato. Ripoti ya KRA ya mwaka uliopita hujazwa kabla ya Juni 30 kuisha, na wengi hujaza sufuri kwa mazoea hata wakiwa wamepokea dola mwaka mzima. Usifanye hivyo. Omba taarifa ya miamala yako ya mwaka, weka alama kila malipo ya unukuzi yaliyoingia, na andika pembeni ulichotumia kwa data, stima na vifaa. Ukiifanya kila mwisho wa mwezi inachukua dakika kumi. Ukingoja Juni, itakuchukua wikendi nzima na bado utasahau hedifoni.